Natafuta gari dogo la kutembea kilometa 4,000 kwa mwezi kwa miaka sita: IST, Vitz, Probox au Fit?

Msafiri_Kitonga (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Mimi nauza dawa za mifugo na chanjo za kuku. Nyumbani ni Morogoro mjini ila wateja wangu wako njia ya Iringa: Mikumi, Ilula, Iringa mjini, Mafinga, mpaka Makambako, na mara mbili kwa mwezi naingia Njombe. Miaka mitatu sasa napanda basi na kumalizia kwa bodaboda, boksi la barafu nimelipakata mapajani. Mwezi wa tatu chanjo za laki nne ziliniharibikia kwa sababu basi lilikwama njiani na barafu ikayeyuka yote. Hapo ndipo nilipoamua kununua gari.

Nimepiga hesabu kwenye daftari langu la safari. Nitatembea kilometa 3,500 hadi 4,000 kwa mwezi, yaani kama 45,000 kwa mwaka. Nataka gari la kukaa nalo miaka sita, ambalo likinizimikia Ruaha Mbuyuni usiku, spea yake ninaipata Iringa asubuhi. Mzigo ni maboksi matano au sita, kilo mia na kitu, pamoja na hilo boksi la barafu. Abiria ni mimi peke yangu.

Bajeti ni milioni 14. Nyingine mbili nimeziweka pembeni kwa marekebisho ya mwanzo, sitaki kuzigusa wakati wa kununua. Kichwani nina IST, Vitz na Probox za Toyota, na Honda Fit. Kila ninayemuuliza ananisifia gari alilonalo yeye. Naomba wenye magari yaliyotembea sana ndio wanishauri, hata kama ushauri ni mchungu.

Chausiku_Ifakara

Chukua IST mkuu. Spea zake zipo kila kona, hata huku kwetu hukosi. Ukichoka unaliuza ndani ya wiki.

Kijana_wa_Vitz

Mimi naona hesabu ya mafuta ndiyo ianze. Vitz yangu ya cc 996 inanipa kilometa 17 kwa lita nikiwa barabara kuu, IST ya rafiki yangu yenye cc 1,497 inampa 14. Kwa kilometa 4,000, mimi natumia lita 235, yeye 286. Tuseme lita ni shilingi 3,000, tofauti ni kama laki na nusu kwa mwezi. Kwa miaka sita hiyo ni zaidi ya milioni kumi. Watu wanalipita jambo hili haraka sana.

Fundi_Msamvu

Mkuu mwanzisha uzi, nimekusoma mara mbili. Niko gereji mwaka wa 19 huu, kwanza Ilala, sasa hapa Morogoro. Injini ndogo za Toyota ndizo zinazosomesha watoto wangu, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Jina la gari liweke pembeni kwanza. Uliza mambo matatu: injini ipi, giaboksi ipi, na kilometa zake za kweli ni ngapi. IST siyo gari moja. Ile ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ilikuja na 2NZ-FE ya cc 1,298 au 1NZ-FE ya cc 1,497. Zote zinatumia cheni ya taimingi, siyo mkanda, na giaboksi yake ni otomatiki ya gia nne. Ile ya pili iliyoanza 2007, ukichukua ya 1.5 kwa kawaida umechukua CVT, giaboksi ya mkanda nitakayoieleza hapa chini. Kwa hiyo ukinipigia simu ukasema "fundi nimepata IST", bado hujaniambia kitu. Vitz ni vilevile. Za 2005 kuendelea nyingi zimekuja na CVT, na ile ya cc 996 ni 1KR-FE, injini ya pistoni tatu. Ni injini nzuri, siibezi. Mjini inadumu sana. Lakini wewe una kilo mia na kitu nyuma na una mlima wa Kitonga kila wiki. Injini ndogo iliyobeba mzigo kwenye mlima ule inapanda ikilia mwanzo mpaka mwisho, na ile hesabu ya mafuta ya mwenzangu hapo juu inapungua sana ukishafika milimani. Hesabu yake ni sahihi kwa barabara ya tambarare kama ya Kibaha.

Sasa CVT. Wengi mnaisikia tu kwa jina. Ndani hakuna gia. Kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zenye umbo la koni, na kinachoubana mkanda usiteleze ni presha ya oili. Oili ikichakaa, au fundi akiweka ya otomatiki ya kawaida badala ya ile ya CVT, mkanda unateleza na kukwaruza puli. Ukishakwaruza, hakuna cha kutengeneza huku kwetu. Unanunua giaboksi nzima ya mtumba ambayo hujui ilitoka kwenye gari gani. Sisemi CVT ni mbovu. Mwenye kubadilisha oili sahihi kila kilometa 40,000 anakaa nayo miaka. Ila wewe kilometa 40,000 unazifikisha kila mwaka, tena na mzigo, tena mlimani. Otomatiki ya gia nne kila fundi mzoefu kati ya hapa na Mbeya ameshaifungua.

Jambo la tatu ni joto, na hapa ndipo ninapoumia zaidi, maana gari nyingi nzuri zinauawa kwa shilingi elfu thelathini. Gari nyingi za namna hii hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu likiwa la baridi na nyekundu likichemka, basi. Taa nyekundu ikiwaka kwenye mlima, silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imeshapata moto. Hedi ya 1NZ ni ya aluminiamu, na bloku pia. Ikijipinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, na hapo uhai wa injini unahesabiwa kwa wiki. Halafu kuna mafundi wenzangu wenye tabia ya kung'oa termostati (kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) wakidai gari "linapumua". Gari lisilo na termostati halifiki joto lake la kazi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi kana kwamba ni asubuhi, oili inajaa uchafu, na unywaji wa mafuta unapanda. Ukinunua gari, mtu wa kwanza kulifungua amuangalie huyo termostati kama yupo. Na rejeta iwekwe kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, siyo maji ya kisima. Maji ya chumvi yanaziba vijia vya rejeta kidogo kidogo, mwaka wa pili unaanza kuuliza kwa nini linachemka.

Ukinibana nichague kwa kazi yako: 1NZ-FE yenye gia nne za otomatiki, au manyuali kama unaiweza. IST ya kwanza, au Probox ya kabla ya 2014. Probox ya 2014 kuja huku imewekewa CVT.

MamaTeksi_Temeke

Fundi ameongea ukweli. Mimi nina IST mbili za teksi mtandao hapa Dar, zote za 2004. Moja ina kilometa 338,000, nyingine 214,000. Ile ya 338,000 injini haijafunguliwa. Siri hakuna, ni oili kila kilometa 5,000, na dereva wangu ananitumia picha ya dashibodi kila Jumapili. Ile ya 214,000 injini nilishabadilisha, kwa sababu mwenye gari wa kwanza alikuwa anapeleka oili hadi 10,000 na zaidi. Pete za pistoni zilishika masizi, gari likaanza kula oili lita moja kila wiki mbili. Halitoi moshi mwingi wala halilii, wewe unaona tu kijiti cha kupimia oili kimekauka.

Msafiri, ninachotaka uzingatie ni kilometa za kweli, kwa sababu hapo ndipo nilipokaribia kuibiwa mara ya kwanza. Yadi siitaji. Nilipelekwa kwenye IST nyeupe, safi, viti vina nailoni, dashibodi inasoma 68,000. Nimeshika pochi kabisa. Baba yangu mdogo aliyekuwa na mimi akaniambia nifungue mlango wa dereva, nichuchumae, nitazame nguzo ya mlango chini ya bawaba. Kulikuwa na stika ndogo ya njano imepauka, pembe moja imebanduka, maandishi ya Kijapani ya chapa, na katikati tarakimu za kalamu kwa mkono: 113,400. Ile ni stika ya oili, mafundi wa Japani wanabandika kila wakibadilisha. Gari lilikuwa na kilometa 113,400 likiwa bado Japani, huku limefika na 68,000. Muuzaji alipoona nachungulia akaanza kuikwangua kwa kucha mbele yangu.

Tangu siku ile sianzi na rangi. Natazama nguzo za milango, natazama ndani ya boneti, natazama raba ya pedali ya breki. Pedali iliyolika mpaka chuma kinaonekana haiwezi kuwa ya kilometa 60,000. Usukani uliong'aa upande wa mkono wa kulia nao unasema.

Kuhusu gesi, maana najua kuna atakayeuliza: ile ya 338,000 nimeifunga mtungi wa gesi asilia na kwa teksi ya Dar imenisaidia sana. Lakini kwa safari zako sikushauri. Mtungi unakula buti lote, maboksi yako utayaweka wapi, na ukishatoka Dar vituo ni vya kutafuta.

Kamau_wa_Thika

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku kwetu hii mjadala iliisha kitambo, jibu ni Probox. Kila mtu anayebeba kitu anaendesha Probox: mikate, mayai, mboga za sokoni, abiria wa vijijini. Yangu ni ya 2010, 1.5, gia nne, nimeifikisha 391,000 nikipeleka vifaranga Nyeri, Embu na Meru. Injini ni ile ile ya kwanza. Giaboksi ni ile ile ya kwanza. Nimebadilisha shokapu za nyuma mara tatu na bushi sijui mara ngapi.

Kuna kitu nataka mwenye uzi aelewe. Probox ilitoka 2002 kama gari la kazi, na Japani ilinunuliwa sana na makampuni kwa wauzaji wao wa kuzunguka. Faida yake ni kwamba gari la mizigo huko linapelekwa ukaguzi kila mwaka baada ya ile miaka miwili ya kwanza, wakati gari la abiria ni miaka mitatu ya kwanza halafu kila miaka miwili. Kwa hiyo limetazamwa mara nyingi zaidi. Hasara yake ni kwamba limefanya kazi. Probox ya kilometa 40,000 yenye umri wa miaka kumi mimi siiamini. Ya 140,000 yenye karatasi naiamini.

Sisi hapa hatuwezi kuagiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo zile za gia nne tunazipata kwa mtu tu, zimeshatumika hapa. Ukipata ya mtu aliyeitunza, usikimbilie ya meli.

Mwenye_Fit_Mbeya

Naona Fit imetupwa nje bila kusikilizwa. Nimeendesha Fit ya 2004 yenye 1.3 kwa miaka saba, imenipeleka Tunduma na Sumbawanga, mafuta inatumia kidogo kweli, na viti vya nyuma vikikunjwa inabeba kama kigari cha mizigo. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndiyo maana nyuma pako chini na ni tambarare.

Nitasema na ubaya wake bila kuficha. Ina plagi nane, mbili kila silinda, na mafundi wengi wanabadilisha zile nne za mbele wanaziacha za nyuma kwa sababu ni shida kuzifikia. Halafu inapoondoka kutoka kusimama, kama oili ya CVT ni ya zamani au siyo ya Honda yenyewe, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Yangu ilianza hivyo kwenye 120,000. Nikamwaga oili, nikaweka ya Honda, ikatulia. Ikarudi kwenye 160,000, nikafanya tena. Nilikuwa naagiza oili hiyo Dar kwa sababu Mbeya niliuziwa nyingine mara mbili.

Kwa kazi ya mwenye uzi nisingeichukua, nakubaliana na Fundi. Lakini mtu anayeishi mjini na yuko tayari kuifuatilia asiikimbie kwa maneno ya vijiweni.

Fundi_Msamvu

Mkuu wa Mbeya, umesema haki. Hizo plagi za nyuma nimezikuta zimelika mpaka zimebaki vishimo, mwenye gari anasema alibadilisha mwezi uliopita.

Wakala_Bandarini

Nafanya kazi za kutoa magari bandarini, naongeza mawili.

La kwanza, karatasi ya mnada. Magari mengi yanayotoka Japani yamepita mnadani, na mnadani linakaguliwa na kupewa daraja. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linakubalika kwa bajeti yenu, R au RA maana yake lilishagongwa likatengenezwa. Kwenye ule mchoro wa gari kuna herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni bodi iliyobadilishwa. Kilometa zinaandikwa pale. Muuzaji anayekuambia karatasi imepotea, mwambie arudi ikipatikana. Mkiagiza wenyewe, pigeni hesabu ya kodi kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutuma hata dola moja. Ushuru wa forodha ni 25%, VAT 18%, na gari lililozidi miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu, likizidi kumi linaongezewa zaidi. Kwa gari za gia nne mnazozitaka, zote zimeshapita hapo. Ndiyo maana namuunga mkono ndugu wa Kenya: tafuta lililoko nchini, kwa mtu.

La pili sijaona mtu amelitaja na linanikosesha usingizi. Mifuko ya hewa ya Takata. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, wote waliifunga kwenye magari ya miaka hiyo hiyo tunayoyanunua sisi. Ndani ya kile kikopo kwenye usukani kuna kemikali ya amonia nitrati inayolipuka kujaza mfuko. Kemikali hiyo inaharibika kwa joto na unyevu ikikaa miaka mingi, halafu siku ya ajali, hata ndogo, inalipuka kupita kiasi na kupasua kikopo, vipande vya chuma vinamfuata dereva. Watu wamekufa kwa ajali ambazo wangetoka wazima. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa kurudishwa duniani na kampuni yenyewe ikafilisika 2017. Sasa fikiria gari lililokaa Dar miaka kumi, jua na unyevu wa bahari. Chukua namba ya chesesi, ingiza kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa Japani wa magari yaliyoitwa kurudishwa, utaona kama lako limo na kama lilishabadilishwa. Ni dakika tano. Nawaomba mfanye hivyo hata kwa magari mnayoendesha leo.

MamaTeksi_Temeke

Wakala, asante. Nimezitazama zote mbili usiku huu. Moja imo. Dereva hatoki nayo kesho mpaka nijue pa kuanzia.

Wakala_Bandarini

Mama, nenda kwa wakala rasmi wa kampuni iliyotengeneza gari na hiyo namba ya chesesi, usimpe fundi wa mtaani aguse usukani. Na usikubali kuwekewa wa mtumba, unaweza kutoa mmoja mbovu ukaweka mwingine mbovu.

Msafiri_Kitonga (mwanzisha uzi)

Wakuu, wiki tatu zimepita, nimetembea na maneno yenu mkononi.

Gari la kwanza lilikuwa IST ya 1.5 Dar, namba D (herufi za usajili zinaanza na D). Nilikubaliana na muuzaji nifike saa mbili nilikute halijawashwa, kwa sababu fundi wangu aliniambia injini ya 1NZ inayokula oili inajisema asubuhi ikiwa ya baridi. Nikafika saa moja. Nikaweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa ya moto. Nikamuuliza, akasema alilisogeza tu lisizibe njia. Nikaomba nisubiri lipoe. Nilikaa pale kwenye kibenchi cha mama lishe mpaka saa tano. Nilipofungua kifuniko cha rejeta, maji yalikuwa ya rangi ya chai na juu yana utando wa mafuta. Nikamshukuru nikaondoka.

La pili ni Vitz nzuri sana ya dada mmoja, CVT, nikamwambia ukweli kwamba kazi yangu italiumiza.

La tatu ni Probox ya 2011, 1NZ, gia nne za otomatiki, ya mzee mstaafu hapa hapa Morogoro aliyekuwa akisambaza vitabu vya shule. Dashibodi 187,000. Watu watashtuka, lakini ana daftari. Kila oili, kila tairi, tarehe na kilometa, mwandiko mmoja tangu alipolitoa bandarini likiwa na 96,000, na karatasi ya mnada inasema 95 elfu na kitu. Anataka milioni 13.2. Fundi_Msamvu, naomba uje unitazamie, nitalipia muda wako.

Fundi_Msamvu

Nimeenda leo asubuhi na Msafiri. Naandika hapa ili na wengine wafaidike.

Limewashwa likiwa la baridi kabisa. Cheni ililia kidogo kama sekunde moja ikanyamaza, hilo nalikubali kwa umri wake. Moshi hakuna wa bluu. Kijiti cha oili kiko katikati. Termostati ipo, nimehakikisha kwa kushika hozi ya chini ya rejeta: ilikaa ya baridi dakika kadhaa, halafu ikapata moto ghafla. Kama haipo, hozi inapata joto pole pole tangu mwanzo. Giaboksi haigongi ukitoka N kwenda D. Tumepanda nalo ule mlima wa kwenda Rock Garden, gia zinabadilika bila kushtuka.

Mabaya: stabilaiza lingi zote mbili za mbele zimekwisha, bushi za mkono wa chini upande wa kushoto zimepasuka, shokapu moja ya nyuma inavuja, tangi la plastiki la juu ya rejeta limeanza kuwa kahawia na litapasuka siku yoyote. Tairi mbili zina tarakimu 1416, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2016. Kashata zake bado ziko juu, lakini raba imeshakufa, zitolewe kabla ya safari ya kwanza. Haya yote yanaingia kwenye zile milioni mbili alizoweka pembeni, na zitabaki.

Kamau_wa_Thika

187,000 na daftari. Chukua leo, usilale juu yake.

Msafiri_Kitonga (mwanzisha uzi)

Nimelichukua kwa milioni 12.9. Mzee alinipa na daftari.

Msafiri_Kitonga (mwanzisha uzi), miezi tisa baadaye

Wakuu, niliahidi kurudi. Leo dashibodi inasoma 221,860. Nimetembea 34,000 na ushee.

Matumizi nje ya mafuta na oili ya kawaida: marekebisho ya mwanzo aliyoyataja Fundi pamoja na rejeta mpya na tairi nne yalikula milioni 1.7. Baadaye brekipedi za mbele mara moja, wili beringi ya kulia nyuma, na koili moja ya plagi iliyokufa nikiwa Mafinga. Hiyo koili ndiyo siku pekee niliyosimama. Gari lilianza kutetemeka na taa ya injini ikawaka, fundi wa pale akahamisha koili kutoka silinda moja kwenda nyingine mpaka akaijua iliyokufa, akaenda dukani akarudi nayo. Saa moja na nusu, barafu haijaanza hata kutoa jasho. Mafuta napata kilometa 14 na kitu nikienda, 13 nikiwa nimejaza mzigo kuelekea Njombe.

Nilinunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoonyesha joto la maji kwa tarakimu. Kinakaa 88 hadi 91 tambarare. Kitonga nikipanda nyuma ya malori kinafika 97, natoka hapo kinashuka. Kwenye kushuka nazima O/D (ile gia ya juu kabisa) na kuweka 2, breki zangu hazijawahi kunuka. Oili nabadilisha kila 5,000 Msamvu, nanunua kwa wakala mwenyewe na kopo linafunguliwa mbele yangu, lita nne, kinachobaki natembea nacho. Oili ya giaboksi imebadilishwa mara moja kwenye 200,000.

MamaTeksi, ule mfuko wa hewa uliishaje?

MamaTeksi_Temeke

Ulibadilishwa, gari lilisimama wiki tano lakini limerudi barabarani. Sasa liko 359,000. Hongera Msafiri. Sasa nikuulize: daftari la mzee umeliendeleza?

Msafiri_Kitonga (mwanzisha uzi)

Nimeliendeleza, liko kwenye droo ya mbele. Na nimebandika na stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chini ya bawaba, pembeni ya ile ya Kijapani ambayo sijaibandua. Nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika: oili 220,000, nyingine 225,000.